Hamsini na Mbili

Walipokaa kuichora, walianza kwa kufuta.
Dirisha la pili la dereva: futa.
Shaba: futa, weka chuma.
Ukingo uliopindwa kwa ajili ya macho tu: futa.
Kibanda kilichozibwa pande zote? Hicho kibaki,
huko inakokwenda mate huganda kabla ya kufika chini.
Sehemu kama elfu moja zikaishia kwenye kapu la karatasi.
Ikapewa namba badala ya jina,
magurudumu kumi ya kukokota, mawili mbele ya kunusa njia,
na tangi mgongoni mfano wa beseni la kuogea.
Injini ya bora liende.
Ivuke vita, wakasema. Zaidi ya hapo haidaiwi.

Zikatoka elfu sita na ushei,
chapuchapu, kama mikate ya hoteli ya stesheni.

Baba, Alwin Noack, alichochea moto.
Hakuchochea vita, ndivyo alivyopenda kusema,
na mama angeinuka kwenda kuosha vyombo visafi.
Katika safari zake alitusimulia baridi:
bomba lililopasuka kama mfupa,
sepetu iliyobaki na ngozi ya kiganja,
matambara yaliyochovywa mafuta, yakawashwa
chini ya tumbo la injini ili maji yakumbuke kutiririka.
Mabehewa yalibeba nini, hatukuambiwa.
Hati ziliandika idadi na tani.
Hazikuandika pale mzigo ulipoomba maji,
wala kwamba tangi lilikuwa limejaa.

Vita vikaisha. Injini ikakataa kuisha.
Zikatawanyika kama mali ya marehemu asiye na wosia:
Wapolandi wakachukua zao, Warusi zao,
nyingine Austria, nyingine Uturuki,
kila mrithi akafuta namba akaandika yake.
Zilizobaki kwetu zilivuta viazi,
makaa ya kahawia ya Lausitz yanayonuka udongo mbichi,
saruji ya kuiinua miji ileile.
Chuma cha kutupwa, kumbe hakitupiki.

Mwaka wa sitini na tatu nilipaka rangi, Stendal,
kwenye karakana iliyotia boila jipya injini kuukuu.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kikohozi cha rangi nyeusi.
Siku moja, nyuma ya bamba la mlango wa kibanda,
nikikwangua kutu, nikakuta herufi
zilizochimbwa kwa ncha ya msumari.
Shuleni tulilazimishwa Kirusi.
Nilisoma polepole, kama mtoto asomaye kibao cha duka:
Motrya. Chini yake, 43.
Basi. Hakuna sala, hakuna laana.
Msichana aliyeletwa kwa nguvu toka mashariki
kupigilia riveti injini itakayorudi kwao na askari;
hivyo nilidhani. Pengine alikuwa bibi kizee. Sijui.

Bwana Zabel akapita na saa yake.
"Noack, hii inatoka saa nane."
Nikachovya brashi.

Tabaka la kwanza lilijaa kwenye M.
La pili likameza kila kitu.
Namba ya injini sikuiandika popote,
na jioni baba aliponiuliza kazi ilikuwaje
nilimjibu kwa lugha yake:
baridi, nikasema.

Sasa zimekuwa vitu vya Jumapili.
Watoto wa Cottbus wanapanda na aiskrimu,
baba zao wanahesabu magurudumu kwa sauti,
mzee mmoja aliyevaa kofia ya kukodi anapuliza filimbi.
Mimi hulipa tiketi ya wastaafu, nikapanda,
nikauvuta mlango wa kibanda hadi nusu,
nikapitisha kidole nyuma ya bamba,
taratibu, kama mtu anayetafuta mshono wa kidonda.

Nimepapasa kumi na moja.
Mlinzi mmoja aliniuliza nimepoteza nini.
Nilimwambia pete.